Ushauri wa Ulevi Nao Ulipiwe

Ndugu wafanyakazi wa reli,

Tangu Oktoba 2024 mishahara yetu yakatwa asilimia 2.75 kila mwezi kwa bima ya afya ya SHA. Fedha hizo ni jasho letu. Yafaa tuulize zatununulia nini.

Mtu akivunjika mguu, bili yake yajulikana. Lakini mganga akiketi robo saa na mtu anayekunywa kupita kiasi, akamwuliza na kumshauri, hiyo nayo ni tiba. Shirika la Afya Duniani lilitoa maswali 10 ya kupima ulevi mwaka 1989, baada ya uchunguzi katika nchi 6, Kenya ikiwamo. Mwenye alama 8 au zaidi hushauriwa mapema. Marekani, tangu 2008, ushauri huo wa dakika 15 hadi 30 una namba yake ya bili.

Hatuitetei pombe. Dereva wa treni akilewa, roho za watu zimo hatarini, na Sheria ya Ajira ya 2007 yaruhusu afukuzwe papo hapo. Basi ikiwa adhabu i tayari, dawa nayo iwe tayari.

Twaomba tawi letu la Nakuru lidai mambo mawili. Kwanza, ushauri huu uandikwe wazi katika orodha ya malipo, hata kwa dispensari za Molo, Njoro na Gilgil. Pili, majibu ya mgonjwa yasifike mezani kwa mwajiri. Anayeogopa kufukuzwa hatasema kweli, na maswali 10 yatakuwa kazi bure.