Mcheza Kwao Hutunzwa: Nani Atawatunza Wanariadha?

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Methali hii ikipimwa kwa maisha ya wanariadha waliolijenga jina la Kenya, ukweli wake unatiliwa shaka. Wengi walishangiliwa ugenini. Waliporejea kwao walilakiwa kwa nderemo za siku moja, kisha kimya kikatanda.

Eneo la Gusii ni mfano mwafaka. Nyantika Maiyoro alitoka huko akakimbia Melbourne mwaka 1956, Kenya iliposhiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza. Mwaka 1968, jijini Mexico, Naftali Temu, naye mwana wa Gusii, alishinda mbio za mita 10,000 na kuiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Temu alifariki mwaka 2003. Maiyoro akamfuata mwaka 2019. Wilson Kiprugut, aliyeipatia Kenya nishani yake ya kwanza ya Olimpiki mjini Tokyo mwaka 1964, aliaga dunia mwaka 2022. Henry Rono, aliyevunja rekodi nne za dunia mwaka 1978, aliaga mwaka 2024. Kila msiba umepunguza vinywa viwezavyo kusimulia mwanzo wa safari hiyo.

Jamii za jadi hazikumsahau shujaa kirahisi. Zilimtungia sifo na tendi. Fumo Liyongo angali hai leo kwa sababu manju hawakunyamaza. Ukumbi wa mashujaa ulikuwa kinywani mwa watu. Kinywa hicho kikianza kunyamaza, busara yadai kijengewe nyumba: ukumbi wa mashujaa wa michezo katika kila jamii.

Wapo watakaouliza: kwa nini kujenga kumbi ilhali zahanati hazina dawa? Swali hilo lina uzito. Hata hivyo, Katiba ya mwaka 2010 imezikabidhi kaunti majukumu ya makumbusho na ya michezo pamoja na yale ya afya. Isitoshe, kinachohitajika si kasri. Chumba kimoja katika maktaba au kando ya uwanja chatosha, mradi wanaotunukiwa wateuliwe na jamii yenyewe, lisije likawa jukwaa la wanasiasa.

Jambo kuu ni kitakachowekwa humo. Picha na nishani bila masimulizi ni bidhaa za ghala. Mtoto anayeingia humo anapaswa kusikia sauti: ya mwanariadha mwenyewe, ya mwalimu aliyemtambua, ya jirani aliyemwona akikimbia alfajiri. Asikie pia habari za wanawake kama Pauline Konga, mwanamke wa kwanza wa Kenya kutwaa nishani ya Olimpiki, mjini Atlanta mwaka 1996. Sauti hizo zihifadhiwe kwa lugha ya msimulizi, kisha zifasiriwe kwa Kiswahili ili Mkenya yeyote azielewe.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohusika. Wanafunzi wa fasihi simulizi huenda nyanjani kukusanya ngano na methali. Ni nini kinachowazuia kubisha mlangoni pa mwanariadha mstaafu wakiwa na kinasa sauti? Kazi hiyo haingoji bajeti ya kaunti. Chanda chema huvikwa pete, lakini pete hiyo ivikwe kingali kidole cha mtu aliye hai.