MSUKULE ALIYEIBWA HAITI

Wako watu, tena wengine ni wasomi, wasemao kwamba picha za sinema za kutisha zilizotengenezwa kwa fedha kidogo si jambo la kujadiliwa katika gazeti la watu wazima. Wanasema: jumba la kale, popo wa kuning'inizwa kwa uzi, ukungu wa moshi, mwanamke anapiga kelele, basi. Mtu hulipa kiingilio, hushtuka, hucheka, hurudi nyumbani kulala. Sisi hatukubali. Twasema kwamba katika picha hizo za rahisi, ziitwazo za Kigothi, umefanyika wizi mkubwa, na walioibiwa ni watu weusi waliovunja utumwa kwa mikono yao wenyewe.

Tuanze na picha yenyewe. Mwaka 1932 ndugu wawili wa Marekani, Victor na Edward Halperin, walitoa picha iitwayo White Zombie, yaani Msukule Mweupe. Hawakuwa na mali. Walipanga nafasi katika viwanja vya kampuni ya Universal, wakatumia kuta na ngazi zilizobaki katika picha za wengine, ile ya Dracula ya mwaka 1931 ikiwa mojawapo, wakamchukua Bela Lugosi ambaye Dracula ilikuwa imempa sifa, na kazi ikaisha upesi. Ufukara huo hatuulaumu hata kidogo. Mtu maskini akishona koti kwa vipande vya nguo za jirani, nalo likamkaa vyema, twampa heko. Lawama yetu ni juu ya mahali walikokitoa kisa chao, na jinsi walivyokigeuza.

Kilitoka Haiti. Wasomaji wetu na wakumbuke hiyo ni nchi gani. Watumwa wake waliasi mwaka 1791, wakapigana na majeshi ya Ufaransa, ya Hispania na ya Uingereza, na tarehe 1 Januari 1804 wakatangaza uhuru. Ufaransa haikuwasamehe. Mwaka 1825 ilipeleka manowari kudai faranga milioni 150, ati fidia ya mali iliyopotea, na katika mali hiyo walihesabiwa watu wenyewe! Desemba 1914 askari wa majini wa Marekani walitua Port-au-Prince, wakatwaa dhahabu ya dola 500,000 katika benki ya taifa, ikapelekwa New York. Julai 1915 wakarudi kwa wingi, na safari hii hawakuondoka mpaka Agosti 1934. Walifufua sheria ya zamani ya shokoa, wakulima wakakamatwa kwenda kujenga barabara, wengine wakiwa wamefungwa kamba. Charlemagne Péralte, aliyewaongoza wakulima kupigana, aliuawa mwaka 1919. Maiti yake ikapigwa picha, na picha ikatawanywa nchini ili watu waogope. Hiyo nayo ilikuwa picha ya kutisha, wala haikumhitaji Bela Lugosi.

Basi katika nchi hiyo, iliyokaliwa na askari wa kigeni, Mmarekani William Seabrook alikusanya hadithi, akazitia katika kitabu chake cha mwaka 1929. Moja yasema kwamba mwaka 1918 kampuni ya sukari ya Wamarekani, Hasco, ilikuwa yatafuta vibarua. Akaja mzee mmoja na kundi la watu waliovaa matambara, macho yameganda, hawasemi neno. Akawaandikisha. Wakafanya kazi katika miwa kutwa nzima juani, na mshahara wao akaupokea yule mzee. Hata siku moja wakalishwa kitu chenye chumvi, wakatambua kwamba wamekufa, wakashika njia kurudi makaburini kwao.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapo. Huyo ni msukule, yule yule ambaye wazee wetu wamemsimulia: jamaa wamemzika na kumlilia, kumbe yuko shambani kwa mtu, usiku analima, halipwi, hasemi. Hana meno marefu wala makucha. Kinachotisha ni kwamba hata kaburi halimpumzishi mtu na kazi ya bwana. Na kwa Mhaiti, ambaye babu zake walikata miwa ya Wafaransa mpaka wakafa wakiwa wangali vijana, hofu hiyo ni habari ya nyumbani kwao.

Sasa tazameni ndugu Halperin walivyoitumia. Kinu cha sukari kimo, na kwa hakika ndicho kipande bora cha picha nzima. Watu weusi wanazunguka wakisukuma mitambo, hakuna sauti ila mlio wa mbao. Mmoja anatumbukia ndani ya kinu, na wenzake hawageuzi hata shingo. Mwenye kinu, Lugosi, anamweleza mgeni wake kwamba vibarua hawa hawajali saa nyingi za kazi. Kwa dakika hizo chache picha imesema kweli, labda bila kukusudia. Lakini haikukaa hapo. Kinu kinaachwa, weusi wanaachwa, na tangu hapo twatakiwa tutetemeke kwa jambo moja tu: bibi arusi wa Kizungu amefanywa msukule! Jina lenyewe la picha lasema hivyo. Mweusi akiwa msukule ni pambo la ukutani. Mweupe akiwa msukule, dunia na ilie. Ikajengwa na ngome juu ya mwamba wa pwani, kama za Ulaya, ili kisa kifanane na vile vilivyozoeleka. Mwishowe mbaya anaanguka, bibi arusi anazinduka. Na wale wa kinuni je? Picha haiulizi. Haya yalitolewa wakati askari wa Marekani wangali wanakaa Haiti.

Watatokea wa kutuambia kwamba twadai mengi mno kwa picha ya fedha kidogo. La! Mwaka 1943 kampuni ya RKO ilikuwa imempa Val Lewton dola zisizozidi 150,000 kwa kila picha, na majina ya picha akipewa na wakubwa wake, apende asipende. Walimpa jina la kipuuzi, I Walked with a Zombie, yaani Nilitembea na Msukule. Yeye na mwongozaji Jacques Tourneur wakatengeneza picha ya kisiwa cha miwa ambamo watu huangua kilio mtoto azaliwapo, na hufurahi mazikoni, kwa sababu ya utumwa waliotoka nao. Bustanini kwa mwenye shamba imesimamishwa sanamu iliyotoka katika jahazi la watumwa. Mwendesha gari mweusi anamweleza muuguzi wa Kizungu jinsi wazee wake walivyoletwa na minyororo; yule bibi anajibu kwamba angalau waliletwa mahali pazuri. Mwendesha gari anamwachia maneno yake, kwa adabu ikatayo kuliko kisu.

Na Waingereza nao? Kampuni ya Hammer, iliyozoea kupiga picha mbili kwa mandhari moja ili kuokoa fedha, ilitoa mwaka 1966 The Plague of the Zombies, ya John Gilling. Mwenye ardhi wa kijiji kimoja cha Cornwall amekaa Haiti, amejifunza uganga, amerudi. Mgodi wake wa bati hauna watu. Anafanya nini? Anawaua wanakijiji, anawafufua, anawashusha mgodini chini ya mijeledi. Hapo hatukufichwa kitu: twajua nani mwenye mgodi, nani mfanyakazi, na ujuzi wa kuwatumikisha wafu umetoka kwenye mashamba gani. Picha ya fedha kidogo kama ile ya kwanza, tena imetumia kijiji kile kile cha mbao kilichotumika katika The Reptile!

Kwa hiyo udhuru wa umaskini tumeukataa. Tena tuwatazame Wameksiko. Mwaka 1957 Fernando Méndez alitengeneza El vampiro, nayo haikuwa ya gharama. Hakwenda kuazima milima ya Ulaya. Mnyonya damu alimweka katika shamba kubwa la Meksiko, na anachokitamani, pamoja na damu, ni kuinunua ardhi ya jirani zake. Mkulima gani wa nchi ile asingemtambua mtu huyo? Waitalia, mafundi wakubwa wa kazi hii, walijificha: Riccardo Freda akajiita Robert Hampton, Antonio Margheriti akawa Anthony Dawson, ili wanunuzi wadhani kazi ni ya Waingereza au Wamarekani. Aibu hiyo hatuielewi, maana kazi yao ilikuwa njema kuliko ya wengi waliowaigiza.

Picha ya ndugu Halperin leo haina mwenyewe kisheria, kila mtu aweza kuitazama bila malipo. Itazameni, kisha mngoje kipande cha kinu. Yule aliyetumbukia hana jina. Mgeni anashtuka kidogo, halafu anapita kwenda kuongea na mwenye kinu juu ya bibi arusi, na gurudumu nyuma yake linaendelea kuzunguka.