Kumbukumbu ya Kipakatalishi: Kiasi Gani Kinamtosha Mwanafunzi?

Mja hujikuna ajipatapo. Methali hii ingefaa kuwa dira ya kila mwanafunzi anayenuia kununua kipakatalishi, hasa yule ambaye fedha zake ni za mkopo wa elimu ya juu au zimetokana na ng'ombe aliyeuzwa nyumbani. Maoni yangu ni kwamba mwanafunzi wa Kiswahili mwenye shughuli za kawaida anatoshelezwa na kumbukumbu ya gigabaiti 8, na kwamba wengi wetu hununua pungufu au kupita kiasi kwa sababu ya neno moja tunalolitumia kiholela.

Neno lenyewe ni "kumbukumbu". Madukani, yakiwemo yale ya Barabara ya Luthuli jijini Nairobi, si ajabu mnunuzi kuelezwa kwamba chombo kina "kumbukumbu ya gigabaiti 500". Hiyo si kumbukumbu bali ni hifadhi. Hifadhi ni mithili ya kabati la vitabu. Kumbukumbu ni meza ya kusomea. Kabati hutunza vilivyomo hata chombo kikizimwa, ilhali mezani huwekwa tu kile kinachoshughulikiwa wakati huo. Kabati liwe kubwa kiasi gani, halimfaidi msomaji ambaye meza yake haitoshi daftari mbili. Anayeshindwa kutofautisha viwili hivi hulipia kabati akidhani amepata meza.

Je, meza iwe na upana gani? Mfumo endeshi wa Windows 10, uliotolewa mwaka wa 2015, ulihitaji angalau gigabaiti 1 au 2. Windows 11, wa mwaka wa 2021, unahitaji angalau gigabaiti 4. Hata hivyo, kima cha chini ni cha kukiwezesha chombo kuamka, si cha kumwezesha mtu kufanya kazi kwa utulivu. Mfumo wenyewe hutwaa sehemu kubwa ya gigabaiti hizo 4. Mwanafunzi akifungua kivinjari chenye kurasa kumi, kamusi ya mtandaoni na tasnifu yake, meza hujaa. Hapo chombo hulazimika kuhamishia baadhi ya mambo kwenye hifadhi, ambayo ni ya polepole zaidi, na mwenyewe akabaki kukodolea macho kioo kilichoduwaa.

Tasnifu yenyewe si mzigo. Kurasa mia tatu za maandishi matupu hazizidi megabaiti chache. Kinacholemea ni kivinjari, video na mihadhara ya mtandaoni. Shughuli hizo zote gigabaiti 8 hustahimili bila taabu. Gigabaiti 16 zinamfaa anayehariri filamu, anayeunda programu, au mwanaisimu anayechanganua kongoo kubwa la matini.

Wapo watakaopinga kwamba programu huzidi kunenepa kila mwaka, hivyo ni busara kununua 16 mapema. Hoja hiyo ina mashiko, lakini haimhusu kila mtu. Vipakatalishi vingi vina nafasi ya kuongezea kumbukumbu baadaye, mfuko ukiruhusu. Vingine, hasa vile vyembamba, kumbukumbu yake imeunganishwa moja kwa moja na bodi kuu, wala haiongezeki. Anayenunua cha aina hii ili akitumie miaka mingi ana sababu ya kufikiria 16. Wengine wetu fedha hizo zingetufaa zaidi kwa kununua hifadhi ya kisasa isiyo na sahani inayozunguka, kwani huharakisha chombo kwa namna inayoonekana.

Fauka ya hayo, jukumu letu kama wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili linazidi kununua. Istilahi si pambo la mitihani. Tukikubaliana kwamba "kumbukumbu" ni ile ya kufanyia kazi na "hifadhi" ni ile ya kutunzia, kisha tukazitumia hivyo madarasani, katika mabango ya chama na tunapozungumza na wauzaji, tutakuwa tumemwokolea mwanafunzi wa mwaka wa kwanza maelfu ya shilingi.

Kuuliza si ujinga. Kabla ya kutoa pesa, mnunuzi na aulize: kumbukumbu ni kiasi gani, hifadhi ni ya aina gani, na je, kumbukumbu hiyo yaweza kuongezwa? Muuzaji asiyeweza kujibu maswali hayo matatu hastahili fedha za mwanafunzi.