Damu Yetu, Majibu Yao

Je, umewahi kudungwa kidole halafu usiambiwe lolote? Likizo ya Agosti, wanafunzi wa udaktari walifika kijijini kwetu, nje kidogo ya mji wa Kakamega, wakatoa watoto damu kupima malaria. Nyanya yangu aliwakaribisha kwa chai na viazi vitamu. Baadaye nilibahatika kuhudhuria mkutano wa klabu moja ya kuhudumia jamii, hotelini, walikosomea matokeo. Michoro ya rangi, tai shingoni, na Kiingereza kitupu! Wanachama walipiga makofi. Nami nikajiuliza, nyanya yuko wapi?

Sipingi utafiti, hata kidogo. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa Kilifi, Siaya na Kombewa kabla ya kuanza kutolewa nchini mwaka wa 2019, na sehemu za Kakamega zikawa miongoni mwa za kwanza kuipata. Waliowatoa watoto wao wajaribiwe ni akina mama kama wetu. Basi mbona majibu yaishie hotelini?

Ati Kiswahili hakina maneno ya sayansi! Vimelea, chanjo, kingamwili, hayo ni ya lugha gani? Nilimwendea mmoja wao, dada mpole kweli, nikamwomba aje aeleze hayo katika baraza la chifu. Akacheka, akasema hakuna pesa za kukodi mashine ya picha. Jamani! Nyanya hahitaji picha. Anataka kujua kama mjukuu wake alikutwa na vimelea au la.