Muuzaji Anapouliza: Chemsha Bongo Dukani na Amana ya Majibu



Ndugu msomaji, kata yetu ya Rugu haina maduka makubwa, lakini siku hizi ina wenye maduka wengi wasio na duka. Ni vijana, na hasa akina dada, wanaouza mitandio, majuba, asali, maharage na kahawa ya kusaga kwa njia ya simu. Picha ya bidhaa huwekwa WhatsApp au Instagram, mteja aliyeko Bukoba, Mwanza au Dar es Salaam hulipa kwa simu, na mzigo hupakiwa kwenye basi pale Kayanga au Omurushaka. Baadhi yao wameanza mbinu mpya, na wameniuliza iwapo ina kasoro kisheria na kimaadili. Badala ya kumrundikia mteja picha, humpa maswali matano au sita ya chemsha bongo, kwa mfano: "Ni mtandio gani unaokufaa?" Mteja akishajibu, huoneshwa bidhaa moja au mbili zinazolingana na majibu yake. Wanasema mauzo yanapanda.

Jibu langu ni kwamba mbinu yenyewe haina ubaya, lakini inambadilisha muuzaji cheo. Kabla ya kuuliza alikuwa mchuuzi. Baada ya kuuliza amekuwa mshauri. Na mshauri ana amana ambayo mchuuzi hakuwa nayo. Juma hili tulitazame jambo hilo kwa utulivu.

Kwanza tufahamu kwa nini mbinu hii inafanya kazi. Mteja anayeoneshwa picha sitini huchoka, akasema atachagua kesho, na kesho hiyo haifiki. Maswali machache humpunguzia mzigo wa kuchagua. Tena, mtu aliyeulizwa mahitaji yake hujiona amesikilizwa, na aliyesikilizwa huwa mwepesi wa kununua. Faida ya tatu ni ya muuzaji mwenyewe: wateja ishirini wakijibu kwamba wanataka juba la pamba lisilobana joto, naye ghalani ana ya nailoni tu, amepata habari ambayo angeipata kwa hasara ya mwaka mzima.

Huko Marekani, mwaka 2011, mwanamke aitwaye Katrina Lake alianzisha kampuni ya nguo iitwayo Stitch Fix kwa msingi huohuo. Mteja hajibu swali la anataka gauni gani, bali hueleza vipimo vyake, mapendeleo yake na uwezo wa mfuko wake. Kampuni humchagulia nguo na kumtumia nyumbani. Anayoipenda huilipia, asiyoipenda huirudisha. Ilipofika mwaka 2017 kampuni hiyo iliingia katika soko la hisa. Angalia kwamba swali halikuachwa peke yake: liliambatana na haki ya kurudisha. Aliyeuliza alikubali kubeba hasara iwapo ameshauri vibaya. Wanafunzi wa fiqhi watakumbuka mlango wa khiyari, yaani haki ya mnunuzi kuendelea na biashara au kuivunja.

Wala sisi hatukufundishwa na Marekani kumuuliza mteja. Fundi cherehani humpima mtu kabla ya kukata kitambaa, na humuuliza kama nguo ni ya harusi au ya kushindia. Mwenye duka la pembejeo huuliza shamba lina ukubwa gani kabla ya kufungua gunia la mbolea. Simu imekuza tu sauti ya swali hilo: mtu mmoja sasa anawauliza watu elfu kwa usiku mmoja, na majibu yao yote yanabaki kwake.

Hapo ndipo cheo kinapobadilika. Muuzaji anaposema "kahawa yangu ni tamu", mnunuzi anajua kwamba huyu anasifia chake, naye hujihadhari. Lakini anaposema "nieleze hali yako nikuambie kinachokufaa", mnunuzi huiweka silaha chini. Amekwenda kwa muuzaji kama mtu anavyokwenda kwa mshauri, na katika mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.) anayeombwa ushauri amekabidhiwa amana. Akimwelekeza mwenzake kwenye bidhaa isiyomfaa kwa sababu tu ndiyo yenye faida kubwa, hakuuza ghali tu, amekhini.

Sisi watu wa Karagwe na Kyerwa tunaufahamu mfano wa jambo hili kwa uchungu. Ni butura. Mnunuzi wa kahawa humtembelea mkulima wakati mibuni ingali na maua au matunda mabichi, akamwuliza habari za nyumbani: mtoto anakwenda shule lini, mgonjwa anaendeleaje, mabati yamefikia wapi. Maswali hayo yana sura ya huruma. Kumbe anapima kina cha shida, na bei anayoitaja inalingana na shida hiyo, si na thamani ya kahawa. Serikali imeipiga marufuku butura mara kwa mara, na mafundisho yetu yamekataza kuuza tunda kabla ya dalili za kuiva kwake. Basi chemsha bongo inayomwuliza mteja "una uwezo wa kiasi gani?" ili aliyetaja kikubwa apandishiwe bei ya bidhaa ileile ni butura iliyovaa nguo mpya.

Mbaya zaidi ni maswali yasiyo na majibu mawili. Wazazi wengi wameyaona kwenye simu za watoto wao: "Jipime ngozi yako", "Je, mwili wako una sumu?", "Dalili kumi za uzazi ulioziba." Kuchoka mchana, kichwa kuuma, kukosa usingizi, kila mmoja wetu anazo mbili tatu kati ya hizo. Ujibu ndiyo au ujibu hapana, mwisho wa maswali ni chupa ileile au krimu ileile. Hilo si swali. Ni mlango mmoja uliochorwa kama milango kumi. Binti mwenye afya njema huamka akiamini ana maradhi, na mke anayetamani mtoto huacha kwenda hospitali akipoteza miezi kwa dawa ambayo hakuna aliyeikagua. Dawa katika nchi yetu husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na ugonjwa hupimwa na mganga kituoni, si na muuzaji mwenye maslahi katika jibu.

Kwa hiyo nawapa wauzaji wetu kipimo kimoja cha kwanza, chepesi kukikumbuka: je, maswali yako yanaweza kumwambia mteja "sina kinachokufaa"? Kama njia hiyo haipo, ondoa maswali, weka picha na bei, nawe utakuwa mkweli zaidi.

Kipimo cha pili ni kuhusu majibu yenyewe. Mteja akikuambia umri wake, vipimo vya mwili wake, ugonjwa wake na namba ya simu yake, vitu hivyo havikuwa sehemu ya bei. Ni amana mkononi mwako. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliichukulia hatua kampuni ya BetterHelp, inayotoa ushauri nasaha kwa njia ya mtandao. Wateja walianza kwa kujaza dodoso kuhusu huzuni zao na hali za nafsi zao, wakiahidiwa siri. Taarifa zao zikapelekwa kwa makampuni kama Facebook na Snapchat ili zitumike katika matangazo. Kampuni ilitakiwa kulipa dola milioni 7.8.

Kisa kingine kilitugusa sisi wa Afrika Mashariki. Mwaka 2014 mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Aleksandr Kogan, alitengeneza programu ya maswali ya kupima tabia ndani ya Facebook. Waliojibu walikuwa kama watu 270,000, lakini kwa kuwa programu iliwafikia pia marafiki zao, Facebook yenyewe ilikiri mwaka 2018 kwamba huenda taarifa za watu hadi milioni 87 zilichukuliwa. Zilikwenda kwa Cambridge Analytica, kampuni ya kampeni za kisiasa, ambayo afisa wake alinaswa na kamera ya siri ya kituo cha Channel 4 cha Uingereza akijigamba kuhusu kazi yao katika chaguzi za Kenya. Waliojibu walidhani wanacheza.

Tanzania nayo imeweka mpaka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume ya kuisimamia. Kwa ufupi, anayekusanya taarifa za watu anatakiwa awe na lengo halali linalojulikana, amweleze mhusika, asizitumie kwa jambo jingine, azilinde, na ajisajili kwa Tume. Anayefanya biashara hii kwa ukubwa asisubiri kuitwa. Aende akaulize wajibu wake. Na hata mdogo kabisa ajue hili: kura inayopigwa ndani ya kundi la WhatsApp huonesha nani amechagua nini, na wanakundi huona namba za simu za wenzao. Kumwuliza dada kipimo cha juba lake kwa njia hiyo ni kumvunjia sitara mbele ya watu asiowajua. Mwuliziwe faraghani.

Kipimo cha tatu ni zawadi. Wengi wetu tunakumbuka mashindano ya ujumbe mfupi: swali lilikuwa jepesi kiasi kwamba mtoto wa darasa la kwanza angelijibu, na kila jibu lilikatwa fedha kuliko ujumbe wa kawaida. Fedha za waliokosa ndizo zilizomnunulia pikipiki aliyepata. Hiyo ni kamari, na hukumu yake imo katika Suratul Maida, aya ya 90, hata ikiitwa chemsha bongo. Muuzaji akitoa zawadi kutoka mfukoni mwake kwa aliyejibu vizuri, bila kumtoza mtu chochote kwa kushiriki, ni jambo jingine. Ikiwa kushiriki kunategemea kununua, wako wanazuoni wanaoruhusu endapo bei haikupandishwa na mtu ananunua anachokihitaji. Lakini anayenunua ili tu aingie katika droo amekwishageuka mcheza kamari. Tena sheria za nchi zinaiweka michezo ya kubahatisha chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, kwa Sheria ya mwaka 2003. Droo si jambo la kuamuliwa na mtu mmoja chumbani kwake.

Tuchukue mfano wa kahawa yetu ili maneno haya yawe kazi. Muuzaji anaweza kuuliza: Unataka ya kusaga au akamwani ya kutafuna? Unapenda chungu kali au laini? Wanywaji nyumbani ni wangapi? Je, kahawa hukunyima usingizi? Maswali manne yanatosha, na kila moja linabadilisha jibu. Anayependa ukali ataelekezwa kwenye robusta, ambayo ndiyo nyingi Kagera. Anayetaka ulaini ataelekezwa kwenye arabika. Anayekoseshwa usingizi aambiwe kweli kwamba robusta ina kafeini nyingi kuliko arabika, na pengine paketi ndogo ya kunywa asubuhi inamtosha. Je, aulizwe kama ni mjamzito? La. Shirika la Afya Duniani linawashauri wajawazito wanaotumia zaidi ya miligramu 300 za kafeini kwa siku wapunguze. Basi ushauri huo uandikwe wazi kwa kila msomaji, bila kumtaka mwanamke afichue siri yake. Kinachoweza kuelezwa kwa wote kisiulizwe kwa mmoja.

Namba ya simu iombwe mwishoni, baada ya mteja kuona jibu lake, na kwa sababu inayotajwa: kutuma mzigo. Anayetaka kupelekewa matangazo aseme mwenyewe, na siku akisema basi, iwe basi. Bei iwe moja kwa wote. Na mzigo usiolingana na kilichoshauriwa upokelewe tena bila maneno makali.

Kwenu wazazi, wafundisheni watoto kuuliza mambo matatu kabla ya kujibu maswali ya dukani: Nani anauliza? Majibu yanakwenda wapi? Na je, kuna jibu lolote linaloishia pasipo kununua? Asiyeweza kujibiwa haya na afunge ukurasa. Swali la ugonjwa, la namba ya siri ya fedha au la kitambulisho cha taifa halijibiwi kwenye mchezo kamwe.

Najua kijana wa biashara atasema kwamba mteja aliyeambiwa "sina kinachokufaa" ni fedha iliyopotea. Ni kweli, kwa siku ile. Lakini muuzaji wa mtandaoni hana jengo wala kibao mlangoni; mteja hajamwona uso, na anatuma fedha kabla ya kushika bidhaa. Mtaji wake wote ni kuaminiwa. Mtume (s.a.w.) alipoingiza mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta chini kumelowa, hakumkataza mwenye nafaka kuuza, alimtaka aweke kilicholowa juu watu wakione, na akajitenga na mwenye kughushi. Maswali mazuri hufanya kazi hiyohiyo: huweka juu kile ambacho mnunuzi anahitaji kukiona, hata kama kitamfanya aondoke na paketi ndogo, au aondoke bila kitu.

Wabillahi tawfiiq.