Neno la Siri la Wengi si Siri

Huko Kasumulu, wilayani Kyela, barabara itokayo Mbeya huvuka Mto Songwe na kuingia Malawi. Afisa wa uhamiaji hawezi kumjua kila msafiri kwa sura. Huitazama pasipoti yake, na pasipoti yenyewe huaminiwa kwa sababu ya serikali iliyoitoa. Kanuni hii yafaa itumike pia katika mitandao ya kompyuta isiyo na waya.

Aghalabu shule au zahanati inapofunga mtandao wa namna hiyo, watu wote hupewa neno moja la siri. Haupiti muda mrefu kabla neno hilo halijafika sokoni. Mwalimu akihamishwa huondoka nalo. Likibadilishwa, vifaa vyote havina budi kurekebishwa. Tena halimtambulishi mtu. Huonyesha tu kwamba amelisikia.

Njia iliyo bora ni cheti cha kidijitali. Msingi wake uliwekwa mwaka 1976, Whitfield Diffie na Martin Hellman walipotangaza wazo la funguo mbili, mmoja wa hadharani na mwingine wa siri. Muundo wa vyeti uitwao X.509 ulitolewa mwaka 1988, na matoleo yake ya baadaye yangali yakitumika. Cheti hutaja mwenyewe, ufunguo wake wa hadharani, tarehe ya kuisha na saini ya mamlaka iliyokitoa. Kukinakili hakumfai mwizi, kwa kuwa kifaa hutakiwa kuthibitisha kwamba kina ufunguo wa siri, bila ya kuufichua. Simu ikiibiwa, cheti chake peke yake hufutwa, wengine hawasumbuliwi.

Kadhalika, mtandao nao huonyesha cheti chake. Mlaghai aweza kuweka mtambo mdogo ufukoni Matema na kuupa jina la mtandao wa shule. Ikiwa neno la siri analo, simu za wanafunzi zitajiunga naye bila kushuku. Lakini simu iliyoelekezwa kuamini mamlaka moja tu itamkataa.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya miji mikubwa. Ni kweli kwamba yanahitaji seva, mtu wa kutoa na kufuta vyeti, na saa sahihi. Kifaa ambacho saa yake imerudi nyuma baada ya umeme kukatika chaweza kukikataa hata cheti halali. Hata hivyo, programu ya FreeRADIUS, iwezayo kuifanya kazi hii, hutolewa bure. Wala si lazima kila shule iwe na mtaalamu wake. Seva moja wilayani, chini ya uangalizi wa mtu mmoja aliyefunzwa vyema, yaweza kuzihudumia shule za Kyela mjini, Ipinda na Matema.

Alama za mitihani na kumbukumbu za wagonjwa ni amana. Wanaozitunza hawana haki ya kuzilinda kwa neno linalojulikana na kila mtu. Yafaa, basi, kila mtandao mpya wa shule uanze na vyeti tangu siku ya kwanza, kabla mazoea ya neno moja hayajaota mizizi.