Printa Mbovu: Tuchukue Ngozi, Tuache Nyamafu



Ndugu Waislamu, Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Ibn Abbas (R.A) kisa cha kondoo aliyetolewa sadaka kwa mjakazi aliyeachwa huru na Bibi Maymuna (R.A). Kondoo yule alikufa. Mtume (S.A.W) alipompita aliwauliza waliokuwepo kwa nini hawakuichukua ngozi yake, wakaitia dabagha na kunufaika nayo. Wakajibu kuwa huyo ni nyamafu. Naye akawabainishia kwamba kilichoharamishwa ni kumla.

Wanazuoni wamekijadili kisa hiki kwa urefu katika milango ya tohara. Sisi leo tunachota humo jambo moja tu: kitu kilichokufa kinaweza kuwa na sehemu ya kunufaika nayo na sehemu ya kujiepusha nayo, na mwenye akili hutenganisha baina ya hizo mbili. Anayetupa vyote amepoteza neema, na anayekusanya vyote amekusanya na madhara yake. Kwa mizani hiyo tunataka kuzipima printa mbovu zilizorundikana katika stoo za misikiti, madrasa, shule na ofisi zetu.

Huenda msomaji akaona kuwa hili ni jambo dogo. Kwa watu wa kisiwani si dogo. Hapa Kanga, kaskazini mwa Mafia, karibu kila kitu cha kiwandani kimevuka bahari. Aghlabu kimetoka Dar es Salaam, kikapitia Nyamisati, kikashushwa Kilindoni, kisha kikapanda gari hadi kwetu. Kipuri cha shilingi chache kinaweza kugharimu nauli kubwa kuliko bei yake. Lakini printa ile ile ikishakufa haivuki tena kurudi ilikotoka. Hubaki kwetu, na ikitupwa hutupwa kwetu: nyuma ya nyumba, kwenye shimo la taka au pwani. Kwa hiyo sisi tuna sababu mbili ambazo wenzetu wa mijini hawana kwa uzito kama huu: tunakihitaji zaidi kipuri, na hatuna mahali pengine pa kuitupia sumu.

Wala tatizo hili si letu peke yetu. Taarifa ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 inaonesha kuwa dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme katika mwaka 2022, na kwamba ni asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo.

Jambo la kwanza tunalousia ni kuhakikisha kwamba maiti ni maiti kweli. Printa nyingi huzikwa zingali hai. Karatasi zilizonyonya unyevu wa bahari hukwama ndani, na watu wakasema mashine imekufa, ilhali dawa yake ni karatasi kavu. Mpira unaovuta karatasi ukipata vumbi huteleza, na kitambaa chenye unyevu kidogo hutosha kuurejesha katika kazi yake. Zipo printa za wino wa maji ambazo hugoma kwa sababu sifongo inayopokea wino wa kusafishia imejaa, na fundi anayejua huibadilisha. Tena mashine mbili za aina moja zilizokufa kwa maradhi tofauti huweza kuzaa moja nzima: hii ikatoa mpira na trei, ile ikatoa gia na mota. Huo ndio uokoaji bora kuliko wote, kwani kipuri hurudi kwenye kazi ile ile kilichoundiwa. Kwa ajili hiyo, anayefungua printa aandike jina na namba ya aina yake juu ya kopo anamohifadhi vipuri, la sivyo baada ya mwezi kopo hilo litakuwa fumbo.

Ikithibiti kwamba imekufa, basi tuitazame ngozi yake. Ndani ya printa mna vyuma vya mviringo vilivyonyooka na kung'arishwa, ambavyo kichwa cha wino hutelezea juu yake. Mna gia, mikanda, springi, beringi na skrubu nyingi ambazo fundi wa redio au wa cherehani hatazidharau. Mna mota. Baadhi ya mota hizo huenda kwa hatua ndogo ndogo zilizopimwa, na ukiizungusha kwa mkono hutoa umeme unaotosha kuwasha kijitaa kidogo cha kielektroniki. Mwalimu wa sayansi aliyekosa maabara apewe mota hiyo, awaoneshe wanafunzi jinsi mwendo unavyogeuka umeme. Kioo cha skana ni kioo bapa kinachofaa fremu au dirisha dogo. Waya wa umeme wa printa nyingi za ofisini ndio ule ule wa kompyuta. Hata trei ya karatasi huweza kuwa kisanduku cha juzuu na chaki katika madrasa.

Wenzetu wamekwenda mbali zaidi. Mwaka 2013 mjini Lomé, Togo, Kodjo Afate Gnikou aliunda mashine inayotengeneza vitu vya plastiki kwa kuvichapa tabaka juu ya tabaka, na sehemu kubwa ya mashine hiyo ilitokana na mabaki ya kompyuta, printa na skana. Jijini Nairobi nako vijana wa kampuni ya AB3D wameunda mashine za namna hiyo kwa kutumia vipuri vya taka za elektroniki. Hatusemi kwamba kila kijana wa Kanga ataunda mashine hizo. Tunasema kwamba vyuma vilivyotumika huko ni vya jinsi ile ile ya hivi vinavyoota kutu katika stoo zetu.

Sisi si wageni wa elimu hii. Wazee wetu hawakutupa kitu cha mnazi. Nazi ilitoa tui na mafuta, makumbi yakasokotwa kamba, kifuu kikawa upawa, makuti yakaezekwa, na shina likapasuliwa mbao. Aliyelelewa chini ya mnazi haistahiki afundishwe na mgeni kwamba kilichokufa kina manufaa. Nasi twasoma katika Suratul Israa jinsi Mwenyezi Mungu alivyoukemea ubadhirifu kwa makemeo makali, na Bibi Aisha (R.A) ametusimulia kuwa Mtume (S.A.W) alikuwa akishona viatu vyake na kutia viraka nguo zake kwa mkono wake.

Hata hivyo, ndugu zetu, nyamafu ni nyamafu, na hapa ndipo penye hatari ambayo haifai kuifanyia mzaha.

Wino wa unga ulio katika katriji za printa za leza ni vumbi laini mno la plastiki na rangi. Haufai kupulizwa kwa mdomo, wala kufagiwa, wala kutupwa motoni, kwani vumbi laini namna hiyo huweza kulipuka. Ukimwagika ufutwe taratibu kwa kitambaa chenye maji baridi, kwa sababu maji ya moto huuyeyusha ukagandamana na nguo na ngozi. Katriji isivunjwe wala kuachiwa watoto waichezee. Sehemu inayoivisha wino juu ya karatasi hufikia joto la karibu nyuzi 200, basi iachwe ipoe. Kifaa kinachopokea umeme wa ukutani kina kapasita inayoweza kuhifadhi umeme wa volti zaidi ya 300 hata baada ya waya kuchomolewa, na hiyo ni kazi ya fundi peke yake. Sanduku la leza lisiwashwe likiwa wazi, kwani mwanga wake aghlabu hauonekani kwa macho nao unayadhuru macho. Taa nyembamba za skana za zamani zina zebaki, zisivunjwe. Na kigeuza umeme cha printa, hata kikifanana na chaja, si cha kuchajia simu. Aghlabu volti zake ni nyingi mno kwa simu.

Lililo baya kuliko yote ni moto. Wapo wanaochoma waya ili wapate shaba, na wanaochoma mabodi na maganda ya plastiki ili wayaondoe. Moshi wa vitu hivyo hubeba sumu ambazo hazipotei zinapotoka machoni. Huanguka juu ya udongo, kuku hudonoa, nasi tukala mayai. Mwaka 2019 taasisi za IPEN na Basel Action Network zilitangaza matokeo ya kupima mayai ya kuku wa kienyeji wa Agbogbloshie, jijini Accra, Ghana, mahali palipokuwa pakichomwa taka za elektroniki. Ilibainika kuwa mtu mzima akila yai moja tu huvuka kiwango cha sumu ya daioksini kinachovumilika kwa siku, kwa mujibu wa vipimo vya Ulaya, kwa mara 220. Kuku wetu nao hutembea huru, na mvua ya masika hukiteremsha kila kilicho juu ya ardhi mpaka baharini, kwenye nyasi na matumbawe tunakovua riziki yetu. Mwenye kutaka shaba auchune waya kwa kisu. Akiona kazi ni nzito kuliko faida, basi auache. Sheria yetu imejengwa juu ya kuondoa madhara, na faida ya mtu mmoja haihalalishi kuwadhuru majirani.

Jambo jingine ni milki. Printa kuwa mbovu hakuifanyi kuwa haina mwenyewe. Mali ya Serikali ina taratibu zake za kuhakikiwa, kufutwa katika daftari na kuuzwa au kutolewa, na mtumishi anayechomoa mota kimya kimya amechukua kisicho chake. Mali ya wakfu ni nzito zaidi. Kamati ya msikiti ni mlinzi tu, na kama wakfu umekwisha manufaa yake ya asili, basi thamani ya vipuri vyake irudi katika maslahi ya wakfu ule ule, kwa maandishi na mbele ya mashahidi. Vilevile tukumbuke siri za watu. Mashine kubwa nyingi za ofisini zinazochapa na kunakili zina diski inayoweza kubaki na nakala za karatasi zilizopita humo: mitihani, barua, vyeti vya hospitali. Diski hiyo itolewe kwanza na kukabidhiwa kwa mwenyewe. Hiyo ni amana.

Basi tufanye nini? Tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, kila kamati ya msikiti na madrasa ifungue stoo yake, iandike kilichomo, na itafute fundi wa kutenganisha kizima, mgonjwa na mfu.

Pili, vijana wachache wenye umri wa kutosha wakabidhiwe kwa fundi huyo kwa siku maalumu, wajifunze kutumia bisibisi na mita ya kupimia umeme. Printa iliyokufa ni kitabu cha bure cha ufundi. Kijana akiikosea hakuharibu kitu, na akiielewa amepata mlango wa riziki.

Tatu, yawekwe makasha matatu: la vipuri vya kutumika, la vyuma na shaba za kuuzwa, na la nyamafu, yaani katriji, mabodi, taa na betri. Kasha la tatu lifungwe, liwekwe pakavu, mbali na watoto na chakula. Anayeuza vyuma chakavu naye asiuze printa nzima kwa uzito kabla ya kutoa vipuri, kwani sehemu kubwa ya ganda lake ni plastiki, na mizani ya skrepa haijui thamani ya mota.

Nne, kasha la nyamafu lisiishie Kanga. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na tangu mwaka 2021 zipo kanuni mahususi za taka za vifaa vya umeme na elektroniki, zinazowataka wakusanyaji na warejelezaji wawe na vibali. Viongozi wetu wa kijiji na kata wazungumze na Halmashauri ya Wilaya kule Kilindoni ili mizigo ya vijiji mbalimbali ikusanywe pamoja, ivushwe na kukabidhiwa kwa wenye vibali. Mzigo wa kijiji kimoja hauwezi kulipa nauli yake. Mzigo wa wilaya nzima unaweza. Na wale wanaotuletea misaada ya mashine kuukuu, kwa nia njema kabisa, waulizwe mapema: je, vipuri na wino wake vinapatikana? Anayetupa mashine iliyokaribia kufa ametupa pia kazi ya kuizika, na si adabu mbaya kuikataa sadaka ya namna hiyo kwa maneno mazuri.

Ndugu Waislamu, aliyeulizwa kuhusu ile ngozi hakulaumiwa kwa kuwa kondoo alikufa. Aliulizwa kwa nini ameacha manufaa yaliyokuwa mbele yake. Nasi hatutaulizwa kwa nini printa imekufa, kwani kila kilichoundwa kina mwisho wake. Tutaulizwa tulifanya nini na kilichobaki: je, tulimpa kijana ufundi, au tulimpa moshi?

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuzitumia neema zake bila ya israfu, na atuepushe kuwa sababu ya madhara kwa viumbe wake. Wabillahi tawfiiq.